Rada Ilikuwa Imezimwa

Kwenye basi la kutoka kambi ya ndege kwenda Luleå mjini, sisi Waswidi hatusemeshani na tusiowajua. Lakini jana rubani wetu mmoja, Ylva, alimwona rubani wa Kinorwe aliyeketi mbele yangu, akasoma jina kwenye sare yake, akajibwaga ubavuni pake kama waliolelewa pamoja.

"Torgrim ndiye wewe? Mimi ndiye niliyekutungua kwenye mazoezi asubuhi."

"Dada, acha utani. Ndege yangu haionekani kwenye rada. Ya kwako niliiona toka mbali, rada yake inawaka kama taa za disko."

"Ile ya mwenzangu, kaka. Ilikuwa chambo. Mimi nilikuwa pembeni, rada nimezima. Ulipomkimbilia yeye, nikakutafuta kwa jicho la joto. Rada unaikwepa, sawa, lakini injini inachemka. Kwenye baridi hii, joto lote lile utalificha wapi?"

Abiria tulijifanya tunasoma simu. Hakuna aliyesoma kitu.

"Mazoezi tu hayo," Torgrim alinuna. "Vitani ningekumaliza kabla hujanikaribia."

"Jamani, mbona marehemu anabisha?"

Basi zima likacheka, hata dereva, ambaye sijawahi kumwona meno.

Torgrim alishuka kituo kilichofuata, akageuka mlangoni kuendelea kubisha. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio, na kila neno lake lilitoka na wingu jeupe la mvuke. Mlango ukafungwa. Ylva akagonga kioo, akaunyooshea kidole ule mvuke, akapiga kelele:

"Nakuona!"