Muhuri wa Mama Ipyana Haurudi Nyuma

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea barua za watu wengine, Bi. Atupele Mbonile, mtunza kumbukumbu wa Shirika la Mbegu Nyanda hapa Sumbawanga, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Sisi tunamwita Mama Ipyana. Nimepewa kazi ya kumwandikia kwa sababu, kwa maneno ya meneja, hakuna mtu aliyewahi kumnunia kwa muda mrefu kama mimi.

Alitufikia mwaka 1994 kutoka Tukuyu, akiwa na sanduku moja, kitabu cha nyimbo cha Moravian na sweta nyembamba isiyoujua upepo wa Ufipa. Sweta aliibadilisha. Mengine yamebaki vilevile.

Tuseme ukweli. Wengi wetu tumebatizwa, na mimi mzaliwa wa Kate, kijiji cha misheni, nilibatizwa nikiwa na wiki mbili, lakini ofisi yenyewe ilikuwa haijabatizwa. Watu walisainiana daftari la mahudhurio bila hata kuombana. Mama Ipyana alijisainia mwenyewe tu, na siku moja kwenye safu ya sababu za kuchelewa aliandika: "Nililala." Afisa utumishi aliisoma mara mbili, maana miaka yote alikuwa amezoea kusoma misiba.

Aliyepata taabu zaidi ni meneja wa zamani, Bwana Fabiani. Simu ikilia, alipunga mkono kuashiria kwamba hayupo. Mara ya kwanza Mama Ipyana alimjibu mpigaji kwa upole: "Yupo, baba, ila leo hapendi kuongea." Tangu siku hiyo Bwana Fabiani alilazimika kutoka kwanza na kusimama uani, ili akisemwa hayupo ofisini iwe kweli. Baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua. Tulimwona mara nyingi kule nje, koti limefungwa hadi shingoni, akisubiri simu ikatwe.

Radi ilipopiga masijala mwaka 2003, baadhi yetu tulishaanza kuulizana nani kaituma na mtaalamu gani aitwe. Yeye alisali kwa kifupi, akaita fundi umeme, kisha akaanza kuanika majalada yaliyolowa kwa mvua iliyopita kwenye paa lililotoboka. Sala yake ya chai ya saa nne, hata hivyo, haikuwahi kuwa fupi. Tulifumba macho maandazi yakiwa kumi, tukafumbua yakiwa saba. Na kila Ramadhani alihamishia chupa yake ya chai nyuma ya stoo, ili dereva wetu aliyefunga asisumbuliwe na harufu.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu. Mwaka 2009 niliomba nafasi ya masomo. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Basi lilikwama kwenye matope karibu na Chala, nikafika Jumatatu asubuhi. Nilimwomba azungushe muhuri wa tarehe kidogo tu, siku tatu nyuma, jambo ambalo nilijua linafanyika kila mahali. Alinitazama kwa huruma, akagonga Jumatatu. "Mwanangu, nakuonea uchungu," alisema, "lakini hiyo Ijumaa haikukuona hapa."

Nilikosa mwaka mzima. Kwa miezi mitatu nilipita mlangoni kwake bila kumwamkia, nami Mfipa niliyelelewa vizuri. Yeye kila asubuhi aliinua kichwa na kuitikia, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba nilikuwa nimesema. Mwaka uliofuata nilipeleka maombi miezi miwili kabla, nikaenda masomoni. Moyoni, hata hivyo, nilibaki naamini kwamba aliniumiza kwa sababu uchungu haukuwa wake.

Wiki iliyopita, ili niandike haya, niliruhusiwa kusoma jalada lake. Humo nikakuta barua ya mwaka 2006. Mama yake alikuwa mgonjwa, peke yake, Tukuyu, naye aliomba nafasi iliyokuwa wazi tawi la Mbeya. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe 31. Muhuri unasema tarehe 1. Siku hiyo masijala alikuwa peke yake na muhuri ulikuwa mkononi mwake. Nyuma ya barua hiyo kuna jibu la mstari mmoja: maombi yamepokelewa nje ya muda. Nafasi akapewa mwingine. Alikwenda na kurudi kwa basi kila mwisho wa mwezi, hadi mama yake alipofariki mwaka uliofuata. Hakuwahi kutuambia, hata mimi niliponuna.

Niliona aibu, na ninaisema hapa mbele ya wote.

Wakazi wa mtaa wa Chanji, anakuja kukaa kwenu moja kwa moja. Mkimtuma aseme hampo, tokeni nje kwanza. Nasi tunakushukuru, mama, na tunakuombea afya, usingizi wa kutosha usio na daftari, na chai isiyopoa.

Zile asubuhi za miezi mitatu uliitikia salamu ambayo sikuitoa. Naileta leo, imechelewa miaka kumi na sita, nawe igonge tarehe ya leo.

Shikamoo, Mama Ipyana.

Nestory Kasimiri
Kitengo cha Mashamba