Arlys Gunderson na Majina ya Chini ya Kuba

Ijumaa hii, tarehe 31 Mei 2019, Arlys Gunderson anastaafu baada ya kuwa mpiga picha wa Jengo la Bunge la jimbo letu kwa miaka thelathini na mitatu. Amepiga picha magavana wakiapishwa, wabunge wakisinzia, na ng'ombe wa maonyesho aliyepanda ngazi za mbele kisha akakataa katakata kushuka. Mimi niliyekuwa msimamizi wa jengo naomba nimweleze kwa picha ambazo hamjawahi kuziona.

Jengo letu lina kuba mbili, moja ndani ya nyingine. Kati ya kuba hizo kuna uwazi mwembamba wenye giza, ngazi za chuma na njiwa waliopotea njia. Mwaka 1998 zilipatikana fedha za ukarabati, na kuta za uwazi huo zilikuwa zipuliziwe povu la kuzuia baridi. Arlys alitaka kuzipiga picha kabla hazijafunikwa. Ufunguo alikuwa nao Lloyd Petrak, fundi umeme.

“Huko juu kuna mavi ya njiwa tu, dada,” Petrak alimwambia.

“Basi nitapiga picha za mavi ya njiwa.”

“Tutaona.”

Kwetu hakuna anayekataa waziwazi. Tunasema tutaona, tunamimina kahawa, tunazungumzia mvua, na mwenye adabu anaelewa na kwenda zake. Arlys ni mzaliwa wa hapa hapa. Alielewa vizuri kabisa. Alikunywa kahawa, akaaga, na Jumatatu iliyofuata akarudi kwenye chumba cha mafundi na bakuli la viazi vya kuoka kwa jibini.

“Mlisema tutaona. Nimekuja tuone.”

Alirudi hivyo majira yote ya baridi. Mafundi walinenepa, lakini mlango haukufunguka. Kwangu nako alileta maombi, nami nikammiminia kahawa.

Sababu hatukuthubutu kuisema. Tangu jengo lisimame, kila fundi, siku yake ya mwisho kazini, alipanda hadi kwenye uwazi ule na kuandika ukutani jina lake, kazi yake na hali ya hewa ya siku hiyo. Elmer Voss, mabomba, theluji. Ole Hauge, plasta, upepo mkali. Kanuni za jengo zilikataza kabisa kuandika ukutani, na chini ya kanuni hizo palikuwa na sahihi yangu. Picha moja tu gazetini, na wakubwa wangeamuru kuta zisuguliwe.

Mwezi Machi, mapipa ya povu yakiwa yameshafika, Petrak alichoka kuficha, akamwambia ukweli mbele yangu.

“Sasa umejua, dada. Ukipiga picha, watayafuta.”

“Nisipopiga, wiki ijayo yanazibwa. Baba yako yumo?”

Petrak alitazama kikombe chake. “Yumo. Fundi wa boila, ukungu.”

“Na huo ukungu watoto wako watauona wapi, Lloyd?”

Petrak akanigeukia. “Bosi, hebu angalia dirishani kidogo.”

Niliangalia dirishani. Niliposikia funguo zikilia, niliendelea kuangalia.

Tulimpa sharti moja: picha zikae kabatini mpaka wa mwisho kati yetu tunaojua siri hii astaafu. Zingekuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na alikubali bila kubishana. Alilala chali juu ya mbao, Petrak kamshika mkanda, akaupiga picha ukuta kipande kwa kipande mpaka hapakubaki jina. Kisha povu likaja, likafunika kila kitu, isipokuwa boriti moja ambayo mafundi waliisahau kwa makusudi. Desturi ikahamia hapo. Hata mimi nimo, maana mafundi walinihesabu mwenzao: msimamizi, baridi kali. Nayakiri haya nikiwa kitandani, na madaktari wamenipa muda mfupi, kwa hiyo anayetaka kunishtaki afanye haraka.

Tukastaafu mmoja mmoja. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba wa mwisho angekuwa Arlys mwenyewe. Sharti limekwisha leo. Saa nane mchana picha zinafunuliwa ukumbini, chini kabisa ya kuba, na wajukuu wa Elmer Voss wako njiani kutoka jimbo jirani kuja kuona theluji ya babu yao.

Limebaki jambo moja. Desturi ile ilikuwa ya mafundi, watu wa ofisini hawakuwamo. Petrak amewapigia simu wote walio hai kuwauliza kuhusu Arlys, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema tutaona.

Arlys, asante kwa ukaidi wako. Pumzika, uwe na afya, ule viazi vilivyopikwa na wengine. Petrak anakungoja na ufunguo chini ya ngazi, maana magoti yake hayapandi tena. Kwenye boriti, kando ya jina lake, tumekuachia nafasi. Jina lako tunalijua, na kazi yako tunaijua. Hali ya hewa ya leo utaiandika wewe.