Miwani Niliyoazimwa Lusahunga

Ndugu zangu, nawaona wote, hata nyinyi mliochelewa mkajificha nyuma ya nguzo. Kwangu hilo peke yake linatosha kumshukuru Mungu.

Mnajua kazi niliyopewa katika kijiji chetu cha ujamaa pale ziwani Burigi: kusimama mbele ya mtumbwi na kuwaangalizia wenzangu viboko. Mng'ao wa maji ukanila macho, yakawa mekundu, yakitiririka machozi. Nikaenda mnadani, nikachagua miwani nyeusi kuliko zote. Nilidhani miwani ni kama dawa, iliyo chungu ndiyo inayoponya. Nawaambia, kilikuwa kiza tu. Nyuma yake mboni za macho zilitanuka kwa lile giza, jua likaingia lilivyotaka.

Siku moja sikumwona kiboko. Mtumbwi ukapinduka. Tulitoka wote wazima, lakini nikasema sipandi tena, nisije nikaua watoto wa watu.

Nikaenda Lusahunga kutafuta gari la kunifikisha hospitali ya Biharamulo. Ilikuwa wakati wa vita, magari ya shida. Akanichukua dereva aliyekuwa akipeleka maharage ya Ngara kwa askari wetu. Mvua ilikuwa imekatika, barabara inang'aa, nami nimejifunika shuka usoni. Akasimamisha lori kando ya dimbwi, akavua miwani yake.

"Vaa, mzee. Tazama maji."

Ndugu zangu, mng'ao ulitoweka. Nikaona hadi chini: majani, kokoto, viluwiluwi wanacheza. Nikalaza kichwa upande, mng'ao ukarudi. Nikakiinua, ukaondoka.

"Hivyo ndivyo inavyopimwa," akasema. "Usitazame weusi. Na iwe pana, jua lisipenye pembeni. Kaa nayo, utanipa nikirudi."

Hospitali walinitibu, wakaniambia dereva yule kasema kweli: kinga iko kwenye kioo chenyewe, jinsi kinavyochuja mwanga, siyo kwenye weusi wake. Nikarudi mtumbwini. Asubuhi ileile nikaona mgongo wa kiboko chini ya maji, kabla hajaibuka. Nikanyoosha mkono. Wenzangu wakageuza mtumbwi. Tukafika ufukweni salama.

Nawashukuru wauguzi, na nyinyi mliokubali kupanda tena na mimi. Mkienda kununua miwani, nendeni na bakuli la maji, mwuzaji acheke akitaka.

Vita vimekwisha. Kila lori likisimama Lusahunga nasogea kumtazama dereva. Miwani ni hii hapa, nimeifunga kwenye kitambaa. Naitunza, kwa sababu si yangu.