Siku ya Wageni Kinoo

Jumatatu saa mbili asubuhi, barua ya kaunti ilifika Kinoo: kikundi cha Jumamosi kimepewa pesa za mwaka mzima. Kikundi hicho hukutana nyuma ya kanisa. Watoto walionusurika moto wa mwaka jana huchora na kucheza wakiwa na Naliaka, mama wa mtaa huo. Nzisa, mwenye miaka tisa, alimpoteza kakake katika moto huo, akanyamaza miezi mitano. Aliongea tena kwenye kikundi. Wiki tatu zilizopita maafisa walikuja kukagua. Naliaka akiwa jikoni na chai ya wageni, Nzisa alisimamishwa mbele yao asimulie moto. Alisema sentensi mbili. Hajasema kitu tangu hapo. Aliyempa maiki ni Lazarus, fundi wa simu, ambaye watu wa kijiwe cha kahawa humwita Spika. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la Masila, muuza kahawa, pamoja na Oloo, fundi wa viatu wanayemwita Daktari.

— Spika, soma tena pale.

— "Kamati iliguswa na ushuhuda wa mtoto." Umeskia, Daktari? Iliguswa!

— Na mtoto mwenyewe?

— Hiyo ni soda. Walimpatia ikiwa baridi, koo ikashikana.

— Soda ya wiki tatu? Wacha zako. Ni maiki yako. Ilipiga kelele mpaka mimi, mtu mzima, nikaruka.

— Maiki yangu haina shida. Uliza yule madam wa miwani nyeusi. Alimkazia mtoto macho hata hapepesi.

— Na miwani ni nyeusi, wewe ulionaje kama anapepesa?

Masila alimimina kahawa.

— Mimi nasema ni hema. Ile tulikodi ya wageni ilikuwa imetoka matanga huko mjini Kikuyu siku hiyo hiyo. Haikuanikwa.

— Sasa hema inafunga watu mdomo? Basi tukodishie wewe!

Walikuwa bado wanacheka Kavata alipofika. Ni mamake Nzisa, na alikuwa akienda kazini Kileleshwa, anakofua na kupika katika nyumba ya watu.

— Mama Nzisa! Keti, kahawa ni yangu leo. Pesa imetoka!

— Nimeskia. Asante.

Hakuketi.

— Spika, ile siku sikuwa. Nataka kujua kitu moja tu. Kabla asimame, kuna mtu alimuuliza kama anataka?

— Wageni wakikuja, watoto huwapokea, mama. Ni kawaida yetu. Kila kikundi kina wimbo, kina shairi. Tukaona sisi tuwe na...

— Sijauliza hiyo.

Spika aliikunja barua. Oloo alitazama viatu vyake. Masila aliinua birika, akalirudisha jikoni ingawa lilikuwa bado na kahawa.

Kavata akavuka barabara kwenda kazini.

Jumamosi saa tatu kikundi kilifunguliwa. Watoto kumi na wanne walikuja. Nzisa aliketi karibu na mlango, akachora. Saa sita Naliaka alifunga chumba. Nzisa hakuwa amesema neno.