Tangu Baa Izime Spika

Kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, Clara alitega sikio bila haya. Mbele yake mzee Gervas, mjumbe wa mtaa, alikuwa akijisifia kwa jirani yake Jenipher. "Baa imezima spika, mama. Saini zenu zile za malalamiko zimefanya kazi! Sasa si mmepumzika?"

"Tunapumzikaje, mzee wangu? Kumbe fundi Albano, jirani yetu, anampigaga mkewe kila jioni. Muziki ndio ulikuwa unatuzibia masikio."

Mjumbe akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye mhuri mfukoni. "Hayo ni ya ndani ya nyumba, mie nayaingiliaje?"

"Baa nayo ilikuwa ndani ya geti la mwenye baa. Mbona tulisaini?"

Basi likafika, milango ikafunguka. Mjumbe, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akabaki amesimama huku watu wakimpita.