Evarista Kalinga na Mkono wa Kushoto wa Mjukuu Wake

Tumsifu Yesu Kristo, na kamwene nyote. Padre wetu, wazee wa ukoo wa Kalinga na wa Mgaya, majirani wa Ubaruku na wageni mliotoka Iringa, Mbeya na Igawa, mimi ni Silvester Kalinga, mdogo wake marehemu, kamati imenipa karatasi hii niisome, nami nitaisoma, ila mnivumilie nikitoka nje yake, kwa sababu tangu Jumanne kichwa changu hakijatulia.

Dada yetu Evarista alizaliwa Tosamaganga, mkoani Iringa, tarehe 12 Machi 1961 kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, au mwaka 1963 kwa mujibu wa kitambulisho cha taifa, kamati imeshindwa kuamua na imeandika yote mawili. Alisoma shule ya msingi huko huko kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na marehemu Edmund Mgaya, wakahamia hapa Ubaruku, Mungu akawajalia watoto watatu, wawili walitangulia wakiwa wachanga, aliyebaki ni Frida, ambaye anafanya kazi dukani Mbeya mjini.

Kwenye kazi karatasi inasema mkulima wa mpunga, na mimi ningesoma hivyo nikapita, lakini juzi walifika hapa akina mama watano kutoka Igawa, wamebeba watoto wao, wanalia wakimwita mwalimu, tukadhani wamekosea msiba. Niliwauliza kwa upole wanamtafuta nani, wakasema Mama Frida, mwalimu wa mikono ya watoto wao, aliyekuwa akiwafuata majumbani kila Alhamisi kwa miaka miwili. Sisi ndugu tulijua Alhamisi anakwenda kuuza mchele, kwa hiyo hapo kwenye kazi sijui nisome nini.

Tarehe 3 Juni 2017 Frida alijifungua mtoto, Faustina, aliyechelewa kulia, baadaye ikaonekana ana mtindio wa ubongo, mkono wa kushoto umekunjwa ngumi, kidole gumba kikiwa ndani. Bibi yake akamchukua akae naye hapa. Mwaka 2021 mtaalamu wa mazoezi, dada Hansa, binti wa mwenye duka la vitambaa Mbeya, alifika nyumbani akamfundisha marehemu kumvalisha mtoto soksi nene kwenye mkono wa kulia, ule mzima, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, ili ule wa kushoto ulazimike kufanya kazi, kuhamisha maharage bakuli hadi bakuli, kumenya karanga, kukamua kitambaa chenye maji. Ninasoma kama Hansa alivyotuandikia, maana mkono mzima kufungwa ili mbovu upone, ndugu zangu, mimi jambo hilo lilinishinda kuelewa.

Tarehe 19 Desemba 2021 nilikuja kusalimia, nikiwa nimekaa na wazee, mtoto akaniletea kikombe cha togwa kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia umo ndani ya soksi. Niliona nimetukanwa mbele ya watu, sikunyoosha mkono, na dada akaniambia, "Pokea, mdogo wangu, ametumia miezi mitano kufika na hicho kikombe." Sikupokea, vidole vya mtoto vikachoka, togwa ikamwagika.

Karatasi hapa imeandika kwamba Januari 2022 Faustina alikwenda Iringa kwa mapumziko, akaugua kidogo. Hakuugua. Nilimwendea mzee mmoja baada ya mwingine nikisema dada anamtesa mtoto, ukoo ukanikubalia nimchukue, na kule nyumbani kwangu niliufunga ule mkono wa kushoto kifuani kwa kanga, ili upumzike, na ili mtoto ajifunze adabu ya kusalimia na kula kwa mkono wa kulia. Dada alipokuja Pasaka, tarehe 17 Aprili, kidole gumba kilikuwa kimerudi ndani na ngumi haifunguki tena, nami nilikuwa nasubiri anishukuru. Hakunigombeza, alifungua ile kanga, akaikunja, akanirudishia, akaondoka na mjukuu wake. Walianza upya kabisa, na Hansa anasema iliwachukua mwaka na nusu kufika pale nilipowakuta, na muda wote huo dada alinipigia simu kila Jumapili kuniuliza hali, sijui kwa nini, na sasa sina wa kumuuliza. Nilimkosea, na niliharibu nikidhani natengeneza, naona uchungu kulisema hapa lakini nalisema.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Agosti 2024, akatibiwa Mbeya, akafariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi. Kikao cha jana kimeamua Faustina abaki hapa na mama yake, na mimi nitakaa nao hadi Frida amalize kuaga kazini. Faustina mwenyewe amenionyesha soksi inavalishwa mkono upi, mara ya kwanza bado nilikosea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, dada Hansa, majirani mliopika na kulala nasi, wenzake Frida wa dukani, na akina mama wa Igawa, tuliowapokea kama waliopotea njia.

Sasa tunakwenda kaburini, na baada ya Frida atakayetupa udongo ni Faustina, atatumia mkono wa kushoto, kwa sababu ndio aliofundishwa na bibi yake. Wazee wangu, nawaomba asiwepo wa kumwambia abadilishe. Udongo ataushika vizuri, kinachomchukua muda ni kufungua vidole ili uanguke, kwa hiyo tutasimama tungoje, hata kama jua ni kali. Dada Evarista, na wewe ungoje kidogo pamoja nasi, kisha upumzike kwa amani.