Jina Alilolitaja Godavari Phansalkar

Marehemu Godavari Moreshwar Phansalkar alizaliwa tarehe 4 Novemba 1898 katika kijiji cha Menavali, karibu na mji wa Wai, wilaya ya Satara. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mwalimu Keshav Gogate na mkewe Laxmibai. Alifuatwa na mdogo wake mmoja tu, Narhari, aliyemwita Tai, yaani dada, hadi kufa kwake.

Alisoma shule ya wasichana ya Wai hadi darasa la nne. Aliacha tarehe 2 Mei 1911, siku ya ndoa yake na Moreshwar Phansalkar, karani wa mahakama. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1930 Narhari alifungwa kwa kuvunja sheria ya chumvi ya Waingereza, akatoka gerezani na kifua kibovu. Agosti 1935, akiwa kitandani, alimsomea dada yake gazeti: Waingereza wametoa sheria mpya ya kuitawala India, na baadhi ya wake za wenye mali watapiga kura.

"Ni bhakri ya jana hiyo, Tai," alisema, akimaanisha ule mkate wetu wa mtama. "Imekauka. Lakini sikufungwa ili waile panya. Nenda ukapige."

Godavari aliahidi. Narhari alifariki tarehe 12 Septemba mwaka huo.

Februari 1937 Godavari alisimama kwenye foleni ya wanawake wapiga kura. Daftari la wapiga kura lilimtambua kama mke wa Moreshwar tu, hivyo msimamizi alimtaka kila mwanamke ataje jina la mumewe. Kwetu mke halitaji jina hilo. Husemwa kuwa humpunguzia mume umri. Wanawake kumi na mmoja waliinamisha vichwa, wakarudishwa nyumbani.

"Jina la mume, mama. Au upishe wenzako."

"Wewe mkeo anakuita kwa jina lako?" aliuliza Godavari.

"Mke wangu hana kura."

"Ndiyo maana huijui taabu yetu."

Foleni ilicheka. Yeye hakucheka. Nyumbani alikuwa na mume anayekohoa tangu sikukuu ya Diwali, na mbele yake ahadi aliyompa Narhari. Ndipo alipokumbuka kwamba mila imeacha ruhusa moja: harusini, bibi arusi akibanwa na wenzake, hulitia jina la mumewe ndani ya ubeti, na hapo halimdhuru. Akajitanda sari kichwani kama bibi arusi, akaanza na Krishna, mto wetu, akasema:

"Krishna maji yapita, ngazini kwenye mawe;
Moreshwar ninamwita, karatasi nipewe."

"Hapa si harusini!" alifoka msimamizi.

"Andika, bwana," alisema bibi mmoja nyuma yake, "kabla hajatunga mwingine!"

Akaandika. Godavari alipiga kura, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wale kumi na mmoja. Tisa walirudi, kila mmoja na ubeti wake. Jioni Moreshwar alirudi kutoka kazini amenuna.

"Mahakama nzima inaniimba," alisema. "Hata hakimu."

"Na kikohozi?"

"Kipo."

"Basi hakijazidi," alijibu Godavari, akampakulia wali.

Moreshwar aliishi miaka kumi na miwili zaidi.

Baada ya uhuru, daftari jipya la wapiga kura lilipoandaliwa, marehemu aliandamana na makarani mitaa yote ya Wai, akiwashawishi wanawake waandikishwe kwa majina yao wenyewe. Wengine walimfungia mlango. Alirudi kesho yake.

Tarehe 9 Juni 1963 alipatwa na kiharusi. Hospitalini muuguzi alimuuliza jina la mumewe ili ajaze fomu. Binti yake alitaka kumjibia, lakini marehemu alimzuia kwa mkono. Ulimi ulikuwa mzito, ubeti haukutoka. Akasema, "Moreshwar." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tupu, bila kina wala mizani. Akalirudia, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Alifariki tarehe 11 Juni, saa kumi na moja alfajiri, na majivu yake yalitiwa mtoni Krishna, penye zile ngazi za mawe.

Ameacha mabinti wawili, Sumati na Kamal, mwana mmoja, Narhari, aliyepewa jina la mjomba wake, wajukuu saba, na katika daftari la kura la Wai, mstari mmoja wenye jina ambalo daftari la mwaka 1937 halikuliandika: Godavari.

Kwa jina hilo, alale salama.